Muvi Bubu ya Neema

Jumatatu. Manyunyu tangu asubuhi hapa Kibamba, na mie sijatia kitu mdomoni zaidi ya chai ya rangi.

Neema wangu hapokei simu.

Nyie mnaonisoma mnamjua, maana nishawachosha naye. Ndiye wa kwanza ukoo wetu kusomea filamu chuoni, na akili ile kaitoa kwangu, baba yake asije akajisifu. Jana alikuja na filamu ya zamani ya Kijerumani, ya enzi za mababu, haina rangi, haina sauti. Akataka kuionyesha kwenye banda la video la mtaani, aone kama watu wa nyumbani watakaa nayo. Wakikaa nayo, aliniambia, akimaliza chuo atarudi kutengeneza za kwake hapa hapa.

Nikawaita wanakwaya wenzangu wote. Nikavaa kitenge kipya.

Filamu yenyewe ni habari ya mzee aliyemfukuza binti yake kwa hasira, sasa anamngoja. Nyumba imepinda, milango imelala upande, vivuli vimepakwa ukutani kwa rangi. Kabla hatujatoka nyumbani Neema alinionyesha kipande kidogo kwenye simu, nikamuuliza, fundi gani alijenga vile? Akacheka kidogo. "Nyumba haijapinda, mama. Moyo wa mzee ndio umepinda. Tunaonyeshwa anavyoona yeye." Nilielewa. Darasa la saba langu hili hili, lakini nilielewa vizuri sana.

Kule bandani wenzangu wakaanza.

"Mama Neema, spika imekufa."

"Haijafa, mwanawe katuletea muvi bubu."

Sasa banda letu lina mtafsiri, yule baba anayewekaga Kiswahili juu ya muvi za Kichina. Ukimya ukamshinda, akashika maiki. Mzee wa watu anapapasa ukuta akimlilia binti, yeye akampa sauti ya mlevi: "Jamani, nani kahamisha mlango wangu?"

Banda zima likavunjika mbavu.

Na mie nilicheka. Nilicheka kuliko wote, mpaka machozi, nikawa nampiga Mama Rehema mgongoni. Nilijua mambo yanaenda vizuri, watu wanaifurahia kazi ya mwanangu. Nikageuka nimwone anavyofurahi.

Neema alikuwa anachomoa waya.

Hakugombana na mtu. Aliwaaga watu wazima kwa adabu zote. Nyumbani kuku niliyemkaangia hakumgusa, akachukua begi. Mlangoni akaniambia taratibu, "Wao nilijua watacheka. Wewe nilikuelezea, mama."

Yule mtafsiri nimemnunia. Lakini kazi yake ndiyo ile, angefanyaje. Leo dukani wameniuliza nani kahamisha mlango wangu, nikacheka nao tena, maana mtu mzima halii dukani.

Mchana nimemwandikia: njoo unionyeshe mie peke yangu, sitatoa neno. Amesoma. Baadaye sana akajibu, "Pumzika tu mama."

Nimeusoma ujumbe ule mpaka maneno yamekwisha maana. Huyu atarudi akimaliza chuo, au pale mlangoni ndio alikuwa ananiaga?