Njoni Wote Kusikiliza Jazi

Jumatano, 5 Septemba 1956
Wamalwa wa karakana ya reli, mwenye bendi, kaniletea tangazo la dansi ya Jumamosi alasiri — itakwisha kabla ya kafyu. Kaandika: “Njoni wote kusikia jazi.” Nimemweleza: mbwa akibweka, unasikia; muziki unasikilizwa. Nimesahihisha. Neno jazi lenyewe, sijui ngeli yake. Nimeliacha.

Halmashauri ya ukumbi, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, itakutana Jumanne. Obura, katibu, ataka Jumamosi zote zipewe ndondi. Asema vijana wana santuri zao nyumbani, jazi ya ukumbini imekwisha. Safari hii ukumbi usipojaa, bendi itoke. Wamalwa ajua. Hana pengine pa kupigia. Mikutano bila kibali imekatazwa.

Alhamisi, 6 Septemba
Tangazo limebandikwa. Halina kosa.

Jumamosi, 8 Septemba
Ukumbi ulijaa. Watu waliyavuta mabenchi kutoka ukutani, wakaketi, mikono magotini, kama kanisani. Bendi ikaanza. Hakuna aliyecheza.

Akeyo, mke wa seremala, aliinuka na viatu vyake vya dansi. Mtu wa nyuma akamwambia:

“Keti, mama. Tangazo limesema kusikiliza.”

“Kwani ni mahubiri?”

“Muulize Mwalimu. Yuko pale.”

Wote wakanitazama. Nikaitazama bendi. Akaketi.

Wimbo wa pili Wamalwa aliupunguza mwendo. Wa tatu ulikuwa na sauti ndogo za katikati, ambazo siku zote miguu huzifunika. Nakaa jirani na ukumbi ule. Sikuwa nimewahi kuzisikia. Ulipokwisha, mzee mmoja alisema, “Amina.” Hakuwa akitania.

Wengi walitoka kabla ya mwisho. Akeyo mlangoni: “Nimejipaka mafuta bure.”

Jumapili, 9 Septemba
Mvua. Kanisani, mahubiri marefu. Yalisikika.

Jumatatu, 10 Septemba
Obura asema ukumbi ulijaa watu wa kukaa tu. Watu wa kukaa watatazama ndondi vilevile. Hoja yake si mbaya. Asema pia nusu wameapa hawarudi. Nusu nyingine wanauliza ni lini tena.

Jioni kaja Wamalwa na karatasi tupu. Ataka kuionyesha halmashauri kesho.

“Mwalimu, umenikatia watu vipande viwili. Sasa andika wewe. Waje kucheza, au waje kusikiliza?”

Nimemwuliza yeye ataka nini. Kaiweka karatasi mezani kwangu. Kisha: wimbo ule wa tatu kaupiga miaka miwili, Jumamosi ndiyo mara ya kwanza mtu kuusikiliza. Lakini wanaojaza ukumbi ni wachezaji.

Nimemwambia kazi yangu ni kusahihisha, si kutunga.

“Basi leo tunga.”

Yuko jikoni, mke wangu anampa chai. Karatasi iko mbele yangu. Nimefika hapa: Njoni wote ku