Hii Sasa Ndiyo Kabichi

Nyumba Na. 41,
Almásrét,
karibu na Kolozsvár.
19 Februari 2012

Mdogo wangu mpendwa Piroska,

Salamu tele kutoka kwa dada yako Etelka na kutoka nyumba hii ulimozaliwa. U hali gani huko Göteborg? Mgongo wa shemeji Gunnar umepoa? Na Lilla wangu, bado anakohoa? Mfunge skafu shingoni, usiwasikilize hao watu wa huko wanaosema baridi haina neno. Sisi hatujambo. Theluji imefika madirishani, na Mama ana miaka yake themanini na tatu na ukali wake uleule, kwa hiyo ujue ni mzima.

Sasa keti vizuri, maana nina habari.

Levente wangu ameleta mchumba! Anaitwa Ruxandra, Mromania wa Galați, kazi yake kupima watu macho. Kihungaria chetu hajui hata neno. Nawe unamjua Mama, Kiromania chake ni cha sokoni na cha kwa daktari: maziwa, mkate, inauma hapa. Nikajiuliza, hawa wawili watasemezana nini, Mungu wangu?

Kabla hawajafika, Levente alinipigia simu, sauti ya chini kama mwizi. Kumbe dada yake Ruxandra aliolewa katika nyumba ambayo bibi wa humo hakumtaka, akateswa kwa maneno mpaka ndoa ikavunjika. Basi Ruxandra amemwambia mwanangu waziwazi: "Nakupenda, lakini bibi yako akinikataa, siolewi. Siingii nyumba nisimotakiwa." Na Levente ana miaka thelathini na sita, Piroska! Mimi nilishakata tamaa ya kuitwa mama mkwe.

Wakaja Ijumaa ya juma lililopita. Jumamosi kutwa Mama alikaa kwenye kigoda chake karibu na jiko, anafuma soksi na kumkodolea macho yule binti kama anayekagua ng'ombe mnadani. Hakuwa na ubaya, macho yake ndivyo yalivyo, lakini utamwelezaje mgeni? Ruxandra akawa ananinong'oneza, "Mama Etelka, nimekosa nini?" Nikamwambia, "Hujakosa kitu, mwanangu. Ndivyo anavyotabasamu." Hakuniamini, na simlaumu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Jumapili tuliporudi kanisani alijifunga aproni akasema chakula cha leo anapika yeye, na anapika kabichi ya tabaka. Kabichi ya tabaka, katika nyumba hii, mbele ya Mama! Mimi naipika tangu usichana wangu, na mpaka leo Mama huiita yangu "ya kujazia tumbo".

Lakini ungemwona, mdogo wangu! Alishuka mwenyewe stoo ya chini, akaondoa lile jiwe juu ya pipa la kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi, akachota maji ya kabichi kwa kikombe akayaonja, akafumba macho. Ndipo akachagua vichwa viwili. Mimi huiosha mpaka uchachu wote unakwenda na maji. Yeye aliisuuza mara moja tu, akaikamua kwa nguvu, na kikombe cha maji ya pipa akakiweka kando. Akaikata nyembamba kama nyuzi. Akakaanga vitunguu kwa mafuta ya nguruwe, akatia nyama ya kusaga mpaka ikaiva, na kabla ya kutia unga wa pilipili hoho akaepua kwanza sufuria motoni, usije ukaungua ukawa mchungu. Nikamtazama Mama. Mama alikuwa ameacha kufuma.

Halafu ukaja upangaji. Kabichi chini, juu yake wali ulioiva nusu, juu yake nyama na vipande vya soseji ya moshi, tena kabichi, na hivyo hivyo mpaka chungu kikajaa na kabichi ikafunika yote. Hakuwa na haraka. Kila tabaka alilisawazisha kwa kiganja kama anayemtandikia mtoto kitanda. Akamwagia yale maji ya pipa, akapaka krimu chachu juu, akasukuma chungu ndani ya tanuri. Nakwambia kweli, nilimpenda palepale, na kama Levente angebadili mawazo ningemfukuza yeye nikabaki na binti.

Chungu kikiwa tanurini, Mama akanivuta mkono pembeni. "Etelka, kabichi kwa Kiromania ni nini?" Nikamwambia, "Ni varza, Mama." Akaenda zake ananong'ona varza, varza, kama mtoto anayekariri aya ya Biblia. Sikumuuliza ya nini, maana nilikuwa natafuta sahani za wageni.

Tukakaa mezani. Levente akashuka stoo kuchota divai. Mama akaonja. Akatafuna polepole, akaweka kijiko chini, na machozi yakamlengalenga. Piroska, Mama hajatoa chozi mbele yangu tangu tulipomzika Baba! Unakumbuka Baba alivyokuwa akiisifu kabichi ya Mama? "Hii sasa ndiyo kabichi!" Mama mwenyewe hajawahi kumwambia mtu maneno hayo. Sasa alitaka kumwambia huyu, na ili kumheshimu zaidi alitaka ayasikie kwa lugha ya kwao. Akapiga meza kwa kiganja, akamtazama binti usoni, akasema kwa Kiromania na kwa sauti ya kanisani: "Hii ni varza!"

Umeondoka zamani, labda umesahau. Mromania akikwambia kitu chako ni varza, maana yake kimevurugika, hakifai, katupe.

Ruxandra akapauka. "Nimeelewa, Bibi," akasema taratibu, akainuka, akachukua koti lake akatoka. Na mimi niliyejua lugha zote mbili, niliyepaswa kusema neno moja tu, kicheko kilinishika na wali mdomoni, nikapaliwa, nakohoa nusura nife. Naye aliniona nacheka! Hebu fikiria.

"Anakwenda wapi?" Mama akafoka. "Chakula kinapoa!" Nilipopata pumzi nikamweleza maana ya alichokisema. Akashika shavu. "Ole wangu! Nimemfukuza mtoto." Nikamwambia akae, nitamkimbilia mimi. Nani akae? Akavaa mabuti ya marehemu Baba, akabeba sahani yake na kijiko, akatoka na aproni hivyohivyo. Mama, ambaye tangu theluji ianze hajavuka lango!

Nilipomaliza kutafuta viatu vyangu yeye alishafika kituoni karibu na kisima. Ruxandra amesimama na koti, basi la mjini linateremka kilimani. Mama akasimama mbele yake, na maneno yakamwishia. Basi akala. Alikula palepale, kwenye baridi ile, anatia kijiko mdomoni na kutikisa kichwa, anatia kingine na kujipiga kifua. Kisha akaanza kumwaga Kiromania chote alichonacho: "Maziwa! Mkate! Daktari!" Binti akamtazama tu. Mama akashusha sahani, akaweka mkono juu ya moyo, akasema, "Inauma hapa."

Nilikwenda kutafsiri, nikakuta hakuna cha kutafsiri. Wote wawili walikuwa wanalia. Basi likasimama, dereva akafungua mlango akauliza, "Jamani, mnapanda au mnakula?" Ruxandra akachukua kijiko mkononi mwa Mama, akaonja mapishi yake mwenyewe, akamfuta Mama krimu kidevuni. Akatamka neno pekee la Kihungaria alilolishika kwa kulisikia likifokwa siku zote tatu: "Kinapoa, Bibi." Akamshika mkono wakarudi.

Ndani tulimkuta Levente amesimama na mtungi wa divai mbele ya viti vitupu, anauliza watu wamekwenda wapi. Mwanaume!

Harusi ni Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Mchungaji wetu atawabariki, na padri wao pia, baraka hazijawahi kumzidi mtu. Ruxandra amenianzishia mafunzo ya kabichi, na juzi Mama aliiita yangu "inakwendakwenda". Nimefurahi mpaka nimeona aibu.

Msalimie shemeji Gunnar, mbusu Lilla mashavu yote mawili, na Shangazi Berta ukimpigia simu mwambie bado namkumbuka. Mungu awalinde barabarani na awajaze afya.

Mama yupo hapa begani kwangu, ananiamuru niandike maneno yake: "Mwambie Piroska asikose kuja, harusi hii itakuwa varza." Nimemkumbusha, Mama, hilo kwa Kiromania linamaanisha itavurugika. Amenijibu, "Najua, Ruxandra ameshanifundisha. Wewe andika hivyohivyo."

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu barua,

Etelka