Mwalimu wa Ntoto Amesifu Kitabu cha Kingi

Ntoto, siku ya soko

Papa yangu,

Nakusalimia wewe na Mama. Goti yako inaendelea namna gani? Na maharagi ya kule juu, mvua haikuyaharibu? Mimi niko muzima. Nauza sabuni na chumvi, na watu wa hapa wanasema nimenona. Ni wivu.

Papa, kaa kwanza ku kiti. Kile kitabu changu cha historia ya kwetu Kingi, kile ulikataza kiingie mu nyumba kwa sababu niliacha masomo mu mwaka wa tano ili nikiandike, mwalimu wa historia wa hapa amekisoma chote. Ameandika ukurasa muzima wa kukisifu, akaubandika ku mulango wa shule: "Huyu kijana amesikiliza wazee kuliko sisi wenye diplome." Niliusoma mara ine, nikijifanya natafuta jina la muntu mwingine.

Nikamupelekea kuku kwa kumushukuru. Akaniuliza, "Bahati, umeandika babu yako alilima kile kilima myaka makumi munane. Alizaliwa na jembe mu mukono?"

"Mwalimu, Papa mwenyewe njo alihesabu. Mavuno makumi munane."

"Mavuno ya nini?"

"Ya maharagi."

Akacheka mupaka kuku ikamuponyoka. Papa, maharagi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Wewe ulisema mavuno, mimi nikaandika myaka, kumbe ni myaka makumi ine tu. Kosa ni yangu. Mwalimu hakufuta sifa hata moja, alisema tu, "Rekebisha pale. Na usinishukuru mimi, shukuru ule alikuhesabia."

Njo maana naandika. Hapa Ntoto nilijisifu kwamba vyote vilitoka mu kichwa yangu. Haikuwa kweli. Karibu kila ukurasa ni sauti yako, ukichambua maharagi pembeni ya moto. Aksanti, Papa. Nilipashwa kukuambia wakati nilikuwa huko.

Karibuni nitapiga fotokopi mupya, na nataka jina lako likae ku kifuniko, juu ya langu. Kama bado unakataa kitabu mu nyumba, nitakiacha kwa jirani, sitakasirika. Lakini niambie: niandike jina la ubatizo ao lile babu alikupa? Ukinyamaza, nitaandika yote mbili.

Salimia Mama, na shangazi mwenye alinifichia makaratasi ya kitabu. Dada Furaha, wewe mwenye unamusomea Papa hii barua, usiruke pale nimekubali kosa. Soma pale mara mbili, polepole, umuangalie usoni, kisha uniandikie kama alicheka.

Mutoto wenu wa kichwa ngumu,
Bahati