Niliupa Mgongo Upande Wenye Maji

Mpendwa mshauri, nakuomba unisikilize kabla hujanihukumu, maana mwenyewe nimekwisha kujihukumu. Mimi ni mpiga picha wa mandhari, na miezi mitatu iliyopita nilikwenda bwawani kwa mama mdogo, nikachuchumaa penye tope lililopasuka, nikapiga picha ambayo kila aliyeiona alishusha pumzi, ikachaguliwa kuwa ndiyo kubwa ukutani kwenye maonyesho ya mazingira yatakayofunguliwa Jumamosi, nami nikafurahi mno, lakini sikumwambia mtu kwamba nyuma yangu, hatua kumi tu, kulikuwa na maji, na miche ambayo mama mdogo na wenzake wameipanda ukingoni na kuimwagilia kwa zamu. Niliipa mgongo makusudi, kwa sababu kijani kingeharibu huzuni niliyoitaka.

Sasa picha imesambaa kwenye simu, imemfikia mama mdogo, akanipigia: "Mwanangu, mbona umetuzika tungali hai?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Akasema wenzake wanne wameacha zamu, wanaulizana, "Kwani tunamwagilia kaburi?"

Nikiiondoa picha, nitakuwa nimeficha ukame ambao ni wa kweli. Nikiiacha, nitawavunja moyo walewale wanaopambana nao. Nifanyeje?

Binti mpiga picha mwenye aibu

*

Binti yangu, pole, ila sitakubembeleza. Tope hukulitengeneza wewe, na watu wanapaswa kulitazama. Kosa lako ni kudhani watu huamshwa na maiti. Aonyeshwaye maiti hutoa rambirambi akaenda zake. Aonyeshwaye mgonjwa anayepumua hukimbilia dawa. Bwawa lenu linapumua, na wewe ulijua. Ufundi wote huo wa kamera, ukawaona mama zako kama doa kwenye picha!

Basi usiiondoe. Leo hii mpigie msimamizi wa maonyesho, umwambie ulichokiacha nje, kabla hajakisikia kwa wengine. Omba nafasi ya picha ya pili, ukubwa uleule, ukuta uleule. Akikunja uso, mwambie bila ya pili hakuna ya kwanza.

Kesho asubuhi nenda bwawani. Radhi ya namna hii haiombwi kwa simu. Muulize mama yako mdogo angesimama wapi kama kamera ingekuwa yake, nawe usimame hapohapo. Kisha wapitie wale wanne mlango kwa mlango, ukiri kwa kinywa chako. Watarudi, aliyepanda mche hausahau upesi. Mpaka warudi, zamu zao ni zako.