Umeme Utapita Kwenu

Rozi, shika simu. Nimetoka kwenye mkutano wa bwawa la umeme sasa hivi.

Si nilikwambia injinia wa mradi alikuja mwezi jana? Alisimama mbele ya kitongoji kizima akasema, "Umeme utapita kwenu."

UTAPITA KWENU. Mtu akikwambia nitapita kwako, si unabandika chai kabisa?

Tukapiga makofi. Vigelegele nilianza mimi, mjinga mimi! Mama akawa wa kwanza kunyoosha mkono, akakubali shamba letu la bondeni limezwe na bwawa, maana alijua sasa mashine ya kusaga itakuwa hapa hapa Mbebe.

Leo mzee Kasiani kauliza kistaarabu tu, nyumba zitawekewa nyaya lini?

Injinia kacheka. Rozi, KACHEKA. "Mzee, mimi nilisema utapita. Nyaya zinapita hapa juu, umeme unakwenda Tunduma."

Yaani huko huko Tunduma kwako, mtaa wa Chapwa. Mtachajia simu kwa mto wetu, sisi tubaki na vitochi vya sola tukiangalia nyaya!

Na mama alishamfungia injinia jogoo wa zawadi. Kaikata kamba mbele ya watu wote, jogoo akakimbilia migombani.

Halafu huyo injinia, bila hata aibu, anaingia kwenye gari anaaga: "Mama, siku moja nitapita niwasalimie."

Mama akamwambia, "Pita juu."