Maji Ndani ya Mawese

Buyenzi, Bujumbura
Jumanne, tarehe 10 Juni 2025

Kwa mwanangu Assia,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili na mtulivu wa moyo, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi huko Liège kimepona kabisa. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto linanikataza kupanda ngazi, lakini halinikatazi kukaa na kuandika. Mama yako Fatouma hajambo. Ameniambia nisijaze kurasa nyingi, kwa sababu ndiye atakayezipiga picha na kukutumia kwa simu, zifike kabla ya Ijumaa, siku utakayopeleka tasnifu yako kwa mpiga chapa.

Leo ni wiki tano tangu uache kuniandikia. Sababu naijua. Ulinitumia ukurasa wa kutabaruku, nami nikaurudisha na wino mwekundu, kama nilivyozirudisha barua zako zote tangu ulipoondoka. Uliandika: «Kwa bibi Mwanvua, mutu wa kwanza kunifundisha kusikia maji ndani ya mawese.» Nilikata neno moja tu. Nilifuta «mutu», nikaweka «mtu», na pembeni nikaongeza kwamba mwenye shahada ya udaktari hapaswi kuandika kama mchukuzi wa bandarini. Ulimjibu mama yako, si mimi, kwamba ukurasa huo utauacha mweupe.

Nilikasirika siku nyingi. Mwishowe mama yako akaniambia kwamba nimesahihisha barua zako zote, ila bado sijasoma hata moja. Maneno hayo yaliniuma. Nikachukua muhtasari wa tasnifu yako, ule wa Kifaransa, nikampelekea Népomuscène, ambaye nilifundisha naye miaka kumi katika lise moja, shule ya sekondari, yeye kemia, mimi Kiswahili. Alicheka sana aliponiona nao. Alisema kwamba siku moja nitamsahihisha hata daktari anayenitangazia kifo changu.

Lakini alinieleza kwa subira. Alisema protini ni mnyororo mrefu uliojikunja, na vifungo vinavyoshikanisha atomu zake hutikisika bila kupumzika. Ukiimulika kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kila kifungo hunyonya sehemu yake, na majibu huchanganyika kama sauti za sokoni. Kwa hiyo ninyi hutia mahali pamoja kifungo kidogo, kaboni na nitrojeni zilizoshikana mara tatu, ambacho hujibu pale ambapo vingine vyote vimenyamaza. Kikizungukwa na maji, hujibu kwa namna moja. Kikifichwa ndani, mahali penye hali ya mafuta, jibu lake husogea kidogo. Kifungo ni kilekile. Kilichobadilika ni jirani zake, na kwa msogeo huo mnajua kimekaa wapi.

Nilimuuliza kama msogeo huo si kosa la mashine. Alijibu «apana», hivyo ndivyo anavyotamka, kwamba huo ndio habari yenyewe, na kwamba ukiufuta huna tena cha kuandika.

Hapo ndipo nilipomwona tena akilini mama yangu, bibi yako Mwanvua. Unakumbuka mawese yaliyovuka kutoka Kongo kupitia mpakani Gatumba, na namna bibi yako alivyogonga kila bidoni, dumu la mafuta, kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini kwenda juu, sikio lake likiwa karibu. Sauti ilipobadilika, alionyesha kidole mahali maji yalipofichwa, na wauzaji walimwogopa. Nawe ulichuchumaa kando yake, sikio umelibandika kwenye bidoni nyingine. Sentensi yako ilisema hayo yote, nami niliona herufi moja iliyozidi.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yako. Bibi yako alipolazwa mara ya mwisho, alinishika mkono, akasema: «Radja, mulete mutoto nimuone.» Mutoto huyo ulikuwa wewe. Muuguzi alikuwa karibu, nami nilikuwa mwalimu mwenye cheti cha Kiswahili sanifu kutoka Kigoma, Tanzania. Nilimjibu kwamba husemwa «mtoto». Aligeuza uso ukutani. Tangu siku ile hadi alipofariki, siku tisa, alisema nami kwa Kirundi tu. Katika Kirundi sikuwahi kumsahihisha.

Nilikuleta kesho yake. Mlipobaki wawili alirudia Kiswahili chake, akakusimulia habari za bidoni na kucheka. Mimi nilisimama nje ya mlango nikisikiliza. Nilipoingia, alirudi kwenye Kirundi.

Miaka hii yote nimedhani kwamba wino mwekundu ni mapenzi. Labda ulikuwa mapenzi. Lakini neno lile, «mutu», linasema lilikaa wapi: hapa Buyenzi, katikati ya Kirundi na Kifaransa na watu wa Kongo waliokuja na mafuta yao. Nilikuwa nalifuta jibu na kuliita kosa, na nilianza kwa mama yangu.

Kwa hiyo nakuomba usiuache ukurasa ule mweupe. Andika kama ulivyoandika, kila herufi mahali pake. Nimeisoma tena sentensi yako nikitafuta kosa, na sikuliona. Nawe ukinirehemu ukaniandikia, siahidi kwamba sitaona makosa, maana macho haya yamezoea. Nakuahidi kwamba nitasoma kwanza. Kalamu nyekundu imekauka, nami sijanunua nyingine.

Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Népomuscène anakusalimu pia, na anadai umpelekee nakala moja, kwa kuwa yangu hataki kuiazima, akihofia nitakuwa nimeichorachora.

Mungu akulinde huko uliko, mutoto wangu.

Baba yako,
Radjabu