Santuri ya Kijapani Uliyotutafsiria

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu tukuzike pale chini ya migomba sijawahi kukuandikia, na nilidhani siku nikikuandikia nitakuwa na habari njema. Sina. Nimeona aibu wiki hizi mpaka nashindwa kupita mbele ya picha yako sebuleni bila kuangalia pembeni.

Unakumbuka jinsi watu wa kijijini kwetu Akeri walivyokushangaa? Mkulima wa kahawa, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya usharika, halafu nyumbani kwake zinapigwa gitaa za umeme za bendi ya roki ya Waingereza. Mchungaji alikuuliza siku moja kama muziki ule una neno la Mungu ndani yake. Ukamjibu, "Bado natafuta, Mchungaji, ndiyo maana nasikiliza sana."

Ulikuwa pia dereva wa watalii, na kazi hiyo ndiyo iliyokuletea santuri. Mgeni akipanda gari lako pale uwanja wa ndege wa Kisongo, kabla hamjafika mjini ulikuwa umeshamuuliza kama kwao bendi yako inajulikana, na santuri zake zinaitwaje kwa lugha yao. Wengi walicheka, wakasahau. Wachache walikumbuka, wakakutumia kwa mkono wa wageni wengine. Ndivyo ulivyopata ile ya Kihispania, ile ya Kigiriki yenye picha tofauti kabisa na zenzake, na ile yenye jalada jembamba kutoka nchi ambayo siku hizi haipo tena kwenye ramani. Muziki ulikuwa uleule, ila majina yalibadilika. Santuri moja Wahispania waliiita "Nyumba Imelala", Wagiriki wakaiita "Hakuna Aliyebisha Hodi". Ulizipanga mbili hizo mezani, ukatuita mimi na mdogo wangu Eliamani. "Angalieni," ukasema. "Wimbo umesafiri, na kila alipofika wenyeji wakampa jina." Uliuzungumzia wimbo kama mtu.

Halafu Mama akalazwa Moshi kwa kifua, akakaa huko muda mrefu. Eliamani alikuwa mdogo, akawa hali chakula mpaka abembelezwe. Mimi nilikuwa mkubwa kidogo, kwa hiyo nilijifanya sijali. Jioni moja ukarudi na santuri mpya uliyopewa na mgeni Mjapani. Ilikuwa na ukanda wa karatasi umezungushwa upande mmoja wa jalada, na maandishi yameshuka kutoka juu kwenda chini. Hatukuwahi kuona kitu kizuri namna ile.

"Baba, imeandikwaje?" Eliamani akauliza.

Uliishika muda mrefu kabla ya kujibu. "Imeandikwa, 'Niko Njiani, Narudi'."

"Nani anarudi?"

"Huyu anayeimba."

"Anamjua Mama?"

Ukageuka ukawasha gramafoni. "Amepata habari zake," ukasema.

Tangu siku hiyo Eliamani hakula mpaka santuri ile ipigwe, lakini ikipigwa alikula. Mimi niliyejifanya sijali nilikuwa naifuata ile sauti kimoyomoyo, na pale mwimbaji alipopandisha sauti niliamini kabisa kwamba ndipo anaposema narudi. Mama akarudi kweli. Kwa hiyo sikuwahi kuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Sasa nikwambie la mwezi uliopita.

Kuna vijana hapa mjini wanapenda santuri za zamani. Hukutana kwenye mgahawa mmoja Sekei, wanapiga muziki na kuzungumza. Wakasikia kwamba ninazo zako, wakaniomba nizilete na kusema maneno machache. Nilivaa ile kanzu ya kitenge uliyoipenda. Nikasimama mbele yao nikawasimulia habari zako, wakasikiliza vizuri sana, Baba. Nikawasomea majina yote kama ulivyotufundisha. Nilipofika kwenye ile ya Kijapani nikaiinua juu. "Hii inaitwa 'Niko Njiani, Narudi'."

Kulikuwa na dada mmoja Mjapani, anafundisha kilimo cha mboga upande wa Tengeru na Kiswahili anakijua vizuri. Akanyoosha mkono kwa adabu. "Samahani, dada yangu. Hapo haijaandikwa hivyo. Imeandikwa 'Usiningoje'."

Kijana mmoja nyuma akaangua kicheko. "Kumbe mzee alikuwa anawafunga kamba!"

Wote wakacheka. Hawakuwa na ubaya, nafikiri hata wewe ungecheka. Lakini mimi uso uliniwaka. Niliona wananitazama mtu mzima, mwalimu wa sekondari, niliyesimama na kitu cha kitoto mkononi. Nikatafuta pa kujificha, nikapapata kwako. Nikasema, "Ah, Baba alikuwa dereva tu. Alikuwa anabahatisha." Nikacheka nao. Nilicheka kwa nguvu kuliko wao.

Yule dada Mjapani peke yake hakucheka.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Akeri kumwona Mama. Alikuwa barazani anachambua maharage. Nikaketi karibu yake nikachambua naye, kisha nikamuuliza, "Mama, hivi Baba alijua Kijapani?"

"Kijapani akitoe wapi?" Akacheka. "Baba yako alijua kuuliza maswali."

"Basi ile santuri alitudanganya. Haisemi narudi. Inasema usiningoje."

Nilitegemea ashangae. Hakuinua hata kichwa. "Najua. Yule mgeni alimtafsiria palepale garini. Baba yako alikuja hospitali kunieleza."

"Alikueleza nini?"

Mama akauweka ungo chini. "Siku hizo mimi nilikuwa nimekata tamaa, mwanangu. Dawa zilinichosha, nilikuwa nazificha chini ya godoro. Baba yako akaja, akaketi kitandani, akaniambia, 'Nimewaambia watoto uongo. Nimewaambia imeandikwa uko njiani unarudi. Wameniamini. Sasa nakuomba, mama Nembris, usiniaibishe.' Akaondoka bila kusema lingine. Nikazitoa dawa chini ya godoro, nikazinywa."

Baba, nilitazama maharage yale mpaka yakaanza kucheza machoni.

Ulijua ulichokuwa unakisoma. Ulisimama na santuri ile mkononi ukiyajua maneno yake, na watoto wawili wakikutazama, mmoja hajala. Nimejaribu kufikiri mimi ningesema nini. Huenda ningesoma kama ilivyoandikwa, kisha nikajisifu kwamba sikudanganya.

Mama alikuwa mgonjwa, hana nguvu ya kusimama, na hakukuaibisha. Mimi nilikuwa mzima, nimesimama kwa miguu miwili, nimevaa kitenge ulichokipenda. Mimi ndiye niliyekuaibisha.

Kisha Mama, aliyejua kwamba nimealikwa, akauliza, "Na huko Sekei watu walisemaje ulipowaambia habari za baba yako?"

Ningeweza kumwambia hapohapo. Sote wawili tulikuwa tumerudisha mikono kwenye ungo mmoja. Nikasema, "Walifurahi sana, Mama. Walimpenda." Akatabasamu, akaniambia nimefanya vizuri kwenda kumsemea. Akanifungia ndizi za kupeleka nyumbani. Nilizibeba mpaka mjini, na sikuweza kuzila. Nikampa jirani.

Nimempigia yule kijana anayeandaa mikutano nikamwomba anipe tena nafasi nizungumze. Akasema, "Dada, ule ulikuwa utani tu, watu wameshasahau." Ndiyo maana nimeandika barua hii, nitampa aisambaze kwa wote waliokuwepo. Waliocheka na wajue kwamba hukubahatisha. Na aliyecheka kuliko wote na ajulikane kwa jina.

Eliamani nitamtumia pia. Jumapili baada ya ibada atamsomea Mama barazani, yote, pamoja na yale niliyosema Sekei na yale niliyomjibu yeye. Nimemkataza kuruka neno. Nitakuwa nimeketi palepale miguuni pake, na sijui atanitazama vipi.

Pumzika, Baba.

Mwanao wa kwanza,
Nembris